Dawa Mbili Ndani ya Kidonge Kimoja

Katika nyumba nyingi za Wakristu wetu, ukifunua sanduku la nguo au ukipapasa juu ya kabati, utakuta karatasi ndogo iliyokunjwa, na ndani yake vidonge vyeupe vinne au vitano vilivyobaki. Ukimwuliza mama mwenye nyumba, atakujibu bila kusita: «Ni Bactrim.» Ukimwuliza ni ya ugonjwa gani, atakuambia ni ya tumbo. Jirani yake atasema ni ya kikohozi. Wa tatu atasema ni ya mkojo, ya vidonda, ya homa, hata ya uchovu.

Wote watatu wana ukweli kidogo, na kwa sababu hiyo kosa lao ni la hatari. Dawa isiyofaa kitu huachwa upesi; lakini dawa iliyopata kuponya mara moja huaminiwa kwa kila jambo. Jina lake la kweli ni kotrimoksazoli. Bactrim na Septrin ni majina ya biashara tu, na yako mengine mengi. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, bei yake si kubwa, nayo imeokoa watu wengi kabisa. Basi hatuandiki ukurasa huu ili kuisingizia ubaya. Twaandika kwa kuwa dawa hii ni ya kuandikwa na mganga, na kwetu inauzwa mezani sokoni, kando ya sabuni na chumvi, na muuzaji ni kijana asiyejua kusoma kilichoandikwa juu ya kopo.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni hili: kidonge hicho kimoja kina dawa mbili. Ya kwanza huitwa sulfametoksazoli, ya pili trimetoprimu. Zimeunganishwa kwa makusudi, na mtu akielewa sababu ya kuunganishwa kwake, amekwisha kuelewa nusu ya mashauri yote tutakayoyatoa hapa.

Zilitoka wapi

Ya kwanza ni ya ukoo wa dawa za sulfa. Ukoo huo ulijulikana kabla penisilini haijaenea. Mnamo mwaka 1932 mganga mmoja wa Udachi, Gerhard Domagk, alikuwa akijaribu rangi za kutilia nguo, aone kama ziko zinazoweza kuua vijidudu ndani ya mwili wa panya. Alipata rangi nyekundu iliyowaponya panya, nayo ikaitwa Prontosil. Alitangaza habari zake mwaka 1935. Binti yake mwenyewe alikuwa amejichoma sindano mkononi, mkono ukavimba na kuoza hata waganga wakafikiri kuukata. Baba alimpa dawa yake mpya, na mtoto akapona na mkono wake. Mwaka ule ule wataalamu wa Institut Pasteur mjini Paris walitambua kwamba rangi nyekundu haifanyi kazi yo yote: mwili huivunja, na kipande kisicho na rangi, yaani sulfa yenyewe, ndicho kinachoponya. Domagk alipewa tuzo la Nobel mwaka 1939, lakini serikali ya Hitler ilimlazimisha kulikataa. Alipokea nishani yake baada ya vita, mwaka 1947.

Ya pili, trimetoprimu, ilitoka Marekani, katika maabara alimofanya kazi George Hitchings pamoja na bibi mmoja hodari sana, Gertrude Elion. Wao hawakujaribu-jaribu vitu ovyo. Walijiuliza kwanza: kijidudu kinakula nini, kinajengaje mwili wake, na ni wapi twaweza kukizuia bila kumdhuru mtu? Kwa kazi hiyo na nyingine walipewa tuzo la Nobel mwaka 1988, pamoja na James Black wa Uingereza. Dawa zote mbili zilianza kuuzwa ndani ya kidonge kimoja mwaka 1968.

Sasa wanafunzi wasikilize vizuri. Vijidudu vingi haviwezi kuishi bila kitu kiitwacho asidi ya foliki. Sisi wanadamu tunaipata tayari katika chakula: katika majani mabichi kama lengalenga, katika maharagwe, katika maini. Vijidudu havijui kuipokea hivyo. Vinalazimika kuitengeneza vyenyewe, hatua kwa hatua. Fikirini mama anayetaka kupika bukari. Lazima kwanza mihogo ilowekwe mtoni na kuanikwa, kisha lazima itwangwe iwe unga. Mtu akimzuia njia ya mtoni, mama atapata shida, lakini labda anayo mihogo mikavu ya zamani darini, au atapitia njia ya mzunguko. Mwingine akimnyang'anya kinu, naye ataazima kingine. Lakini wakizuia njia na kinu siku ile ile, jioni hakuna bukari nyumbani. Ndivyo zifanyavyo dawa hizi. Sulfa huzuia hatua ya kwanza, trimetoprimu huzuia hatua ya pili, na kijidudu ambacho kingeponyoka mkononi mwa moja hukamatwa na ya pili.

Kazi hiyo hutaka vipimo halisi. Kidonge kina sehemu tano za sulfa kwa sehemu moja ya trimetoprimu. Baada ya kumezwa, trimetoprimu huenea upesi katika nyama za mwili, na damuni hubaki sehemu kama 20 za sulfa kwa moja ya trimetoprimu. Na kipimo hicho ndicho kinachofaa kwa vijidudu vingi. Tena zote mbili hutoka mwilini kwa mwendo karibu sawasawa: baada ya masaa kama 10, nusu yake imekwisha kutoka. Kwa hiyo mganga huandika asubuhi na jioni. Si desturi tu, wala si ili tusisahau. Anayemeza vidonge vyote viwili asubuhi kwa kuwa jioni atakuwa shambani, huwaachia vijidudu usiku mzima wa kujenga upya.

Kidonge kimoja, lakini kipi?

Tumesikia mara nyingi mama akimwambia mwenzake: «Mpe kidonge kimoja, wangu alipona.» Neno hilo ni jema moyoni, lakini halina maana. Vidonge vya kotrimoksazoli viko vya namna tatu. Kile cha watoto kina miligramu 120 kwa jumla, yaani 100 za sulfa na 20 za trimetoprimu. Kile cha kawaida kina 480, yaani 400 na 80. Kile cha nguvu kina 960, yaani 800 na 160. Hesabuni wenyewe: kidonge kimoja cha nguvu ni sawa na vidonge vinane vya watoto. Mama wa kwanza alimpa mwanawe cha 120. Wa pili, akitii shauri lake, amempa wake cha 960. Na vyote vyaitwa Bactrim, vyote ni vyeupe, na ukubwa wake haupitani kama watu wanavyodhani.

Kwa mtoto mganga hatazami umri peke yake. Humpima uzito, kwa kuwa watoto wawili wa miaka mitatu huenda wakapitana kwa kilo tano. Dawa ya maji ya watoto huwa na miligramu 240 katika kila mililita 5. Chupa itikiswe vizuri kabla ya kumimina, maana unga wake hushuka chini; asiyeitikisa humpa mtoto maji matamu siku za kwanza, na siku za mwisho humpa tope lote la dawa. Nacho kijiko kiwe kile kilichotolewa pamoja na chupa, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani.

Mtu mzima mara nyingi huandikiwa miligramu 960 asubuhi na 960 jioni, lakini siku ni mbalimbali kwa kila ugonjwa: mwanamke mwenye maumivu ya mkojo yasiyo na matata huenda akapewa siku tatu tu, mwingine siku saba, mwingine zaidi. Basi anayeongeza siku kwa bidii yake hakosi kidogo kuliko anayezipunguza. Anywe maji mengi kila siku ya dawa, kwa kuwa sulfa ikikosa maji huweza kugeuka kama vijiwe vidogo ndani ya figo. Akisahau dozi, aimeze atakapokumbuka. Lakini saa ya dozi inayofuata ikiwa karibu, aiache ile iliyopita, asimeze mbili pamoja.

Na homa je? Na kikohozi? Mafua huletwa na virusi, na kotrimoksazoli haijui kupigana na virusi. Malaria yapimwe kwa tone la damu, tena yapewe dawa yake. Mtoto anayehara maji, bila damu, anahitaji kwanza maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, na vidonge vya zinki. Mara nyingi hahitaji antibiotiki hata moja. Hata nimonia ya watoto, ambayo miaka ya nyuma ilitibiwa kwa kotrimoksazoli katika vituo vingi, leo Shirika la Afya Duniani hushauri itibiwe kwa amoksisilini. Aliyejifunza mwaka 1995 kwamba Bactrim ni dawa ya kifua cha mtoto, hakudanganywa; lakini nyakati zimebadilika, na vijidudu pia.

Ngozi ndiyo inayosema kwanza

Hapa tungependa wazazi wasome polepole. Watu wengi humeza dawa hii bila taabu, au kwa kichefuchefu kidogo tu. Lakini wako wachache ambao mwili wao huikataa sulfa, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa kuwatazama usoni. Kwa kawaida si siku ya kwanza. Mtu anameza dawa, anapata nafuu, anasahau. Kisha baada ya siku kadhaa, mara nyingi katika juma la kwanza, la pili au la tatu, homa humrudia, macho huwa mekundu na kuuma, midomo hupasuka, koo haliwezi kumeza, na juu ya kifua hutokea madoa mekundu au ya kahawia. Ngozi ikiguswa huuma kama iliyoungua. Baadaye hutoa malengelenge na kuchubuka, kana kwamba mtu amemwagiwa maji ya moto.

Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1922 na waganga wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, walioutazama kwa watoto wawili. Hata leo unaitwa kwa majina yao. Hauji mara nyingi, ashukuriwe Mungu. Lakini ukija huua, na anayepona huenda akapoteza macho. Dawa yake ya kwanza ni kuacha dawa. Kila kidonge kinachoongezwa baada ya madoa kutokea ni kuni juu ya moto.

Nasi twajua linalotokea vijijini. Ndugu wakimwona mgonjwa amechubuka namna hiyo, husema amelogwa, au amewekewa sumu na mke mwenza wa mama yake. Hupoteza siku mbili kwenda kwa mfumu, huku vidonge vikiendelea kumezwa asubuhi na jioni, kwa kuwa hakuna aliyevishuku. Basi liwe jambo linalojulikana na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa shule: mtu anayemeza vidonge vya sulfa akitokwa na madoa mwilini au vidonda mdomoni, asimeze kingine hata kimoja, apelekwe hospitalini siku ile ile, na vidonge vilivyobaki vipelekwe pamoja naye ili mganga avione.

Liko jambo jingine dogo zaidi, ambalo watu wengi wanalo mwilini bila kujua sababu yake. Ni doa jeusi la mviringo, mdomoni, mkononi au mahali pa siri, ambalo huwasha, hutulia, kisha baada ya miezi hurudi pale pale. Mara nyingi ni alama ya dawa, na sulfa ni mojawapo ya dawa zinazojulikana sana kwa kuiacha. Mtu mwenye doa la namna hiyo akumbuke alimeza nini kila liliporudi, na amwambie mganga kabla hajaandikiwa.

Aliyekataliwa na sulfa mara moja, amekataliwa nayo maisha yake yote. Aandike neno hilo kwa herufi kubwa katika daftari yake ya afya, tena awaambie ndugu zake, maana siku atakapopelekwa hospitalini hajitambui, wao ndio watakaoulizwa.

Wasiopaswa kuimeza bila neno la mganga

Mtoto mchanga ambaye hajatimiza majuma sita asipewe. Sababu yake ni hii: mtoto mchanga ana rangi ya manjano damuni, ambayo ini lake changa bado halijazoea kuitoa. Sulfa huiondoa rangi hiyo mahali ilipofungwa damuni, nayo huweza kuingia katika ubongo na kuuharibu. Kwa sababu ile ile mama aliye katika majuma ya mwisho ya mimba asijimezee. Katika miezi ya kwanza pia kuna hatari nyingine, kwa kuwa mtoto anayejengeka tumboni anahitaji sana asidi ya foliki.

Juu ya mama wajawazito tuna neno la pekee, kwa sababu twaona linasahauliwa. Katika kliniki ya wajawazito mama hupewa vidonge vitatu avimeze mbele ya mwuguzi, ili malaria yasimdhuru yeye na mtoto. Vidonge hivyo ni sulfadoksini na pirimetamini. Sikilizeni jina: sulfa-doksini. Ni ndugu wa kotrimoksazoli, hufanya kazi kwa njia ile ile. Mama ambaye tayari anameza kotrimoksazoli kila siku hapaswi kupewa vidonge hivyo vya malaria. Sulfa juu ya sulfa huongeza hatari ya ngozi tuliyoieleza, na kotrimoksazoli yenyewe humsaidia kiasi kujikinga na malaria. Lakini mama huyo mara nyingi ana karatasi mbili, moja ya kliniki na moja ya mahali pengine, naye huona haya kuonyesha ile ya pili. Twamsihi aionyeshe. Mwuguzi amefungwa na siri ya kazi yake.

Wengine tutawataja kwa haraka. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo au wa ini. Mzee anayemeza dawa za shinikizo la damu kama enalaprili, losartani au spironolaktoni, kwa kuwa zikikutana na trimetoprimu huongeza potasi damuni hata moyo ukasimama. Mwenye kumeza warfarini, ambaye damu yake huweza kukataa kuganda. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi, ambaye sukari yake huenda ikashuka ghafula. Anayetumia metotreksati. Tena, katika nchi zetu zenye malaria wako watu waliozaliwa na upungufu wa kitu damuni kiitwacho G6PD. Hao wakimeza sulfa huenda chembe nyekundu za damu yao zikavunjika. Alama yake ni mkojo mweusi kama kahawa, macho ya manjano na kuishiwa nguvu. Mtu akiona mkojo wa namna hiyo, asingoje kesho.

Wale wanaoimeza kila siku

Wako watu walioandikiwa kotrimoksazoli si kwa siku saba, bali kwa miezi na miaka. Ni wale wenye virusi vya Ukimwi, ambao kwetu wengi huuita Sida. Mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 960 kila siku, ili asishikwe na nimonia ya namna ya pekee, wala na ugonjwa wa ubongo uitwao toksoplasmosi, wala na maradhi mengine yanayowinda mwili uliodhoofika. Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi huanza mapema, tangu majuma manne au sita, hata ijulikane hakika kwamba hawakuambukizwa.

Je, inafaa kweli? Katika nchi jirani ya Zambia waganga waliichunguza kwa watoto 541 wenye virusi: baadhi yao walipewa kotrimoksazoli, wengine kitu kisicho na dawa. Uchunguzi ulikatishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba si haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 43. Na dawa ile ilikuwa ya bei ndogo kabisa.

Kwa hiyo twahuzunika tukisikia kwamba mtu ametupa vidonge vyake baada ya kuombewa. Sisi twaamini sala. Kama tusingeamini, tusingeandika katika gazeti hili. Lakini Mtakatifu Luka alikuwa mganga, na kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinaweka sala na mganga pamoja, wala hakimwambii mgonjwa achague. Anayeombewa aombewe, kisha arudi nyumbani ameze kidonge chake cha jioni. Dawa hiyo ni mganga peke yake awezaye kuisimamisha.

Na kwa wale wasio na virusi: mtu akiona vidonge hivyo kwa jirani yake, asimwazime. Kwa jirani vimehesabiwa mpaka siku ya kurudi kituoni. Upendo hutuamuru kugawana unga na chumvi. Vidonge havimo katika amri hiyo.

Kilichotokea kwetu Mashariki

Wengine husema: «Nikimeza vibaya, nitajidhuru mwenyewe tu.» Sivyo. Mwishoni mwa mwaka 1979 ugonjwa mkali wa kuhara damu ulizuka kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ukaenea mpaka Rwanda, Burundi na Tanzania. Uliletwa na kijidudu kiitwacho Shigella. Antibiotiki kadhaa za zamani hazikuufaa tangu mwanzo. Kotrimoksazoli ilikuwa bado inafaa, na waganga wakaitegemea. Haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1982 wataalamu waliandika kwamba kijidudu kile kimejifunza kuishinda hata trimetoprimu. Ikabidi kutumia dawa nyingine, asidi ya nalidiksiki, ghali zaidi; nayo, mwaka baada ya mwaka, ikashindwa mahali pengi. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi walipojaa Goma, kolera ilikuja kwanza, na kuhara damu ikafuata. Watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, na vijidudu vilivyowaua vilikuwa vimekwisha kuzizoea dawa nyingi zilizokuwa ghalani.

Vijidudu hujifunzaje? Katika mamilioni, viko vichache vilivyozaliwa na ufundi wa pekee, kwa mfano kinu cha namna nyingine ambacho trimetoprimu haiwezi kukinyang'anya. Dawa kidogo huua vilivyo dhaifu na kuviachia hivyo hodari shamba zima. Tena, tofauti na wanadamu, kijidudu huweza kumpa jirani yake ufundi huo, hata kama si wa ukoo mmoja. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945, katika hotuba yake ya tuzo la Nobel, kwamba itakuja siku kila mtu atainunua dukani, atameza kidogo mno, na kuwazoeza vijidudu. Siku hiyo imefika: wataalamu walihesabu kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyozizoea dawa.

Kopo lisilojulikana

Limebaki neno juu ya vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja bila sanduku. Katika Ituri, tangu mwisho wa mwaka 2014 hata kati ya mwaka 2015, mamia ya watu, wengi wao watoto, walifika hospitalini wakiwa wamekakamaa shingo, na macho na ndimi zikipinduka. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamepewa vidonge vya manjano kutoka kopo lililoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wala shida hiyo si ya Afrika peke yake: mwaka 1937 huko Marekani sulfa iliyeyushwa katika maji matamu yenye sumu, na watu zaidi ya 100 wakafa, watoto wakiwa miongoni mwao; ndipo serikali ya huko ikatunga sheria kali ya mwaka 1938.

Basi mzazi anunuapo dawa aombe kuona sanduku au kopo lenyewe. Asome jina, hesabu ya miligramu, na tarehe ya mwisho. Kama hajui kusoma, amchukue mwanawe wa shule. Ndiyo faida mojawapo ya karo aliyolipa. Vidonge vikiwa vimebadilika rangi, vimepasuka au vinamomonyoka, avikatae. Nyumbani aviweke mahali pakavu, penye kivuli, mbali na moshi wa jiko na juu kuliko mkono wa mtoto mdogo. Na vile vinne au vitano vilivyobaki ndani ya karatasi iliyokunjwa, visitupwe chooni wala kuwekwa akiba kwa ugonjwa ujao: vichukuliwe kituoni siku ya Jumatatu, mwuguzi atajua namna ya kuviharibu.